Bushi Sita za Shaba

Barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa ya ukurasa mmoja, na iliomba bei ya bushi sita za shaba. Kabla yake nilikuwa nimeandika nyingi. Chuo kikuu niliandika kurasa mia moja na kitu kuhusu mwendo wa mawimbi, na baada ya kuhitimu niliandika barua za kuomba kazi mpaka mkono ukazoea kuandika "kwa heshima" huku akili ikiwa kwingine. Hakuna hata moja iliyosogeza kitu. Hii ya bushi ilisogeza rola tatu za chuma, ambazo kila moja ilihitaji wanaume wanne kuinyanyua, na mpaka leo nikiikumbuka najikuta nimeinua kidevu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu, kwa hiyo shahada yangu ya fizikia ilikaa ndani ya bahasha chini ya godoro, katika chumba nilichopanga Shirere. Asubuhi nilifundisha kwa muda katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mchana nilikwenda kwa senge, dada ya baba yangu, aliyekuwa na kinu cha miwa kando ya barabara ya Mumias: banda la mabati, injini ya dizeli, kinu cha rola tatu cha kukamulia miwa, na makarai mapana ambamo maji ya miwa yalichemshwa mpaka yakawa sukari guru. Mume wake alipofariki, watu wote wa ukoo walimshauri akiuze kile kinu. Alisikiliza kila mmoja kwa adabu, akampa chai, na asubuhi iliyofuata akawasha injini.

Senge alinipenda na alinichoka kwa kipimo kilekile. "Huyu," aliwaambia wageni, "hata ukimpa chai atauliza maji yalichemka saa ngapi."

Msimu ule gia ndogo ya kinu, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye injini na kuzipa rola, ilivunjika meno. Ilikuwa ya tatu katika mwaka mmoja. Stoo ilibaki gia moja tu, imefungwa kwa gunia na kupakwa mafuta, na kiwanda kidogo kilichokuwa kikizisubu kilikuwa kimefungwa. Hiyo ikivunjika, basi.

Habari zilienea haraka. Jumapili baada ya ibada wakulima waliokuwa wakimletea senge miwa walikuja uani wakiwa bado na nguo za kanisani. Aliyewasemea ni mwenye shamba kubwa kuliko wote, mtu mrefu aliyeoa katika ukoo wetu, ambaye senge alimwita shemeji.

"Shemeji," alisema, "miwa imekomaa na haitungoji. Ikikauka shambani tutauza kuni. Tunakupa Jumapili nne. Jumatatu ya baada ya hiyo ya nne, tunapakia na kuvuka daraja." Ng'ambo ya mto kulikuwa na kinu kingine.

"Nne zinatosha," senge akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeombwa chumvi.

Walipoondoka alikaa kwenye mtungi wa dizeli uliolazwa chini, viatu vyake vya Jumapili vimejaa tope. "Wakivuka mara moja, hawarudi," akaniambia. "Mtu huzoea njia. Na mimi bila miwa yao nina banda la mabati tu."

Kinu kilikuwa na mtu wake, ambaye sote tulimwita Fundi tu. Alikuwa amekitunza tangu siku kilipofungwa pale, kabla sijaanza shule. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya kubeba injini, na alizungumza na kinu kama mtu anavyozungumza na ng'ombe mkaidi. Siku ileile ya Jumapili nilimfuata.

"Mulembe, Fundi," nikamsalimu. "Kwa nini gia inavunjika?"

"Mulembe, Profesa. Kwa sababu ni mbovu."

"Zote tatu?"

"Mbovu hutokanga mahali pamoja."

Jibu hilo lingemtosha mtu mwingine. Mimi nilichukua mtaimbo, nikauingiza chini ya shafti, ule mhimili wa rola ya juu, nikaukandamiza. Shafti nzima ikainuka. Niliuachia, ikaanguka na kulia ngo! Nikarudia. Fundi akatazama kando.

"Hiyo ni bushi zimelika kidogo," alisema. Bushi ni bomba fupi la shaba ambamo ncha ya shafti huzunguka, mbili kwa kila rola, kwa hiyo kinu kizima kilikuwa nazo sita.

"Kidogo? Kijiti cha kiberiti kinaingia."

"Ndiyo maana naweka bati." Akanionyesha: kati ya shafti na bushi alikuwa amesokomeza vipande vya kopo la mafuta ya kupikia. Kwenye kimoja bado ulionekana mtende mwekundu na nusu ya neno. "Zilibadilishwa miezi minne iliyopita tu, Profesa. Ni mpya hizi."

Nikakaa chini. Kama shafti inarukaruka ndani ya bushi, basi rola zinaachana na kugongana kila muwa unapopita, na kinachopokea kile kipigo ni meno ya gia. Gia hazikuwa na kosa. Lakini bushi za miezi minne zingelikaje namna ile?

"Mnaziagizaje?" nikauliza.

"Tunapelekanga sampuli. Ninatoa iliyolika, naipeleka mjini kwa yule mkerezaji wa vyuma nyuma ya soko, namwambia, fanya kama hii."

"Kama hii iliyolika?"

"Sasa nimpelekee gani? Ambayo haijalika iko kwenye kinu?"

Alicheka, na mimi nilianza kucheka, kisha nikaacha. Nililiona jambo lote kwa mara moja, na lilikuwa la kushangaza kwa jinsi lilivyokuwa wazi. Mkerezaji wa nyuma ya soko alikuwa hodari na mwaminifu. Aliletewa bushi iliyopanuka, akatengeneza bushi mpya iliyopanuka vilevile. Hiyo nayo ikalika, ikapelekwa, ikanakiliwa pamoja na ulikaji wake. Kila bushi ilizaliwa na uzee wa mama yake. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukiagiza ubovu, na ubovu tuliletewa, umeng'arishwa vizuri.

Nilimweleza Fundi. Alitoa bushi moja, akaigeuza mkononi, akaiinua juu kwenye mwanga na kuchungulia kupitia shimo lake kama mtu anayemtafuta jirani.

"Basi tutajuaje ya kwanza ilikuwa kiasi gani?" aliuliza hatimaye. "Hiyo haipo tena."

Lilikuwa swali zuri, na lilinifurahisha kwamba lilitoka kwake.

Jumatatu niliazima vernia katika maabara ya shule, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili ambacho wasichana wangu walikitumia kupima unene wa gololi. Karani wa maabara alinifanya nitie sahihi mara mbili. Alasiri, mvua ikipiga mabati mpaka tukalazimika kuzungumza kwa kupiga kelele, mimi na Fundi tulitafuta mahali kwenye shafti ambapo hapajawahi kuguswa na kitu. Tulipapata: kati ya bushi na rola kulikuwa na upana wa vidole viwili, umefunikwa na grisi iliyoganda kama gome la mti. Fundi aliukwangua kwa kisu, akaupangusa kwa dizeli. Chini yake chuma kilikuwa laini, na mistari ya mkerezaji wa kwanza bado ilionekana, mtu ambaye labda alikuwa ameshafariki.

Nikafunga taya. "Milimita sabini na sita na pointi mbili."

"Pointi mbili za nini?" Fundi alikunja uso. "Nani anatengenezanga mashine ya sabini na sita na vijisenti? Pima tena."

Nilipima mara saba, kwenye shafti zote tatu. Sabini na sita na pointi mbili. Nilianza kukishuku kipimo, kisha nikajishuku mwenyewe, kisha nikashuku shule iliyokinunua. Nikakigeuza ili nisome upya, na jicho likaangukia ile safu ya juu ya vernia ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuitumia. Mstari ulikuwa umesimama juu ya tatu. Tatu kamili.

"Inchi!" nikapiga kelele. "Ni inchi tatu!"

"Inchi tatu," Fundi akarudia, na uso wake ukafunguka. "Bila shaka! Hii mashine ni ya zamani, ya wale watu wa inchi!" Akaipiga shafti kofi. "Ulikuwa unanificha, wewe mama."

Shimo la bushi zilizokuwa kwenye kinu, tulipolipima, lilikuwa limepita inchi tatu kwa karibu milimita tatu. Nilitamani kumpigia mtu simu, lakini sikuwa na mtu ambaye angeelewa.

Kwa mwendo huo ningeweza kusema kwamba mambo yalikwenda sawa. Hayakwenda, na kosa lilikuwa langu. Nilichora bushi kwenye karatasi ya grafu, nikaandika barua kwa Kiingereza cha ofisini nikiomba bei ya vipande sita, na kwa kuwa nilikuwa msomi nilitaka kila kipimo kiwe sahihi kwa sehemu ya mia ya milimita. Shimo, ukuta wa nje, urefu, upana wa kola, ule ukingo uliotokeza kwenye ncha ya bushi, hata mteremko wa kona. Dada aliyenipigia chapa mjini aliisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, hii ni barua au ni mtihani?"

Nakala tatu zilikwenda kwa basi: Kisumu, Eldoret na Nairobi. Eldoret hawakujibu. Nairobi walijibu kwa karatasi nzuri yenye nembo, na bei ambayo senge aliisoma, akaishusha, akaiinua akaisoma tena.

"Mukhana," aliniita, binti kwa lugha yetu, "hawa wanatutengenezea bushi au wanatuozesha binti yao?"

Kutoka Kisumu ilikuja karatasi yenye maneno mawili kwa kalamu ya wino: *Leta sampuli.*

Fundi aliyasoma maneno hayo kwa furaha ambayo hakuificha. "Si nilisema? Sisi hupelekanga sampuli."

Jumapili ya pili ilikuwa imepita. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na karatasi yangu, kwa sababu sikuona kosa lake. Nilimtupia Fundi ule mchoro juu ya meza ya vifaa.

"Nionyeshe basi. Wapi pabaya?"

Alifuta mikono, akauchukua mchoro kwa ncha za vidole, akauweka karibu na bushi ya zamani.

"Hapa," akasema akielekeza kona ya nje ya kola, "panagusa nini?"

"Hapagusi kitu."

"Ni hewa?"

"Ni hewa."

"Sasa hewa inatakanga vipimo vya daktari?"

Nikakifunika kile kipimo kwa kidole gumba.

"Na huu urefu. Bushi ikitokeza nywele mbili nje, ng'ombe atazaa ndama wa kichwa chini?"

"Hapana."

"Lakini umewaambia waikate kwa nywele. Nairobi wamekuhesabia kila unywele." Alitoa kalamu nyekundu kwenye sikio. "Mimi sijui kuchora. Lakini najua mahali kinu kinauma. Kinauma hapa ndani. Kinauma huku nje inapokaa kwenye nyumba yake ya chuma. Na kinauma huu uso wa kola unaozuia rola isitembee. Basi. Kwingine kote, mtu akate akifikiria chakula cha mchana."

Alitia alama nyekundu mahali hapo patatu. Miaka minne ya chuo, na hakuna aliyewahi kunieleza usahihi ni wa nini. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ni tabia njema, kama kuoga.

Kwa kuwa tulikuwa na mchoro mbele yetu na hakuna aliyekuwa amekasirika tena, niliuliza swali ambalo lilikuwa likinisumbua tangu siku ya mtaimbo.

"Kila asubuhi unapiga grisi kwenye hili tundu la nyumba ya bushi. Inaingia wapi?"

"Inaingia ndani."

"Ndani wapi? Bushi yenyewe haina tundu."

Fundi aliinamia nyumba ya chuma, akaingiza kidole kwenye tundu, kikagota kwenye shaba. Akakitoa. Akakiingiza tena, kama kwamba mara ya pili shaba ingekuwa na adabu zaidi.

"Huwa inarudi," alisema polepole. "Inatokea hapa pembeni. Mimi huipangusa na kitambaa."

"Miaka mingapi?"

"Usiniulize miaka."

Ghafla akapiga paja. "Zile za kwanza zilikuwa na tundu! Zilizokuja na kinu. Zilikuwa na tundu juu, na ndani kulikuwa na mfereji, mwembamba, umekwenda hivi..." Akauchora kwa kidole hewani, kisha kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya mfuko wa simenti: kutoka kwenye tundu, ukitambaa kwa urefu ndani ya bushi. "Mwaka fulani moja iliungua. Ilitoka nyeusi, tundu limeziba kwa grisi iliyoungua, mfereji umelika wote. Hiyo ndiyo niliyopeleka sampuli."

"Una uhakika? Hukuuona kwenye mashine nyingine?"

"Wewe!" Alisimama. "Nilizifunga kwa mikono hii, wewe ukililia ziwa la mama yako! Mfereji ulikuwepo!"

Nilimwamini, na si kwa sababu ya kelele. Lile tundu kwenye nyumba ya chuma lilikuwa shahidi wake. Hakuna mtu anayetoboa chuma kinene namna ile ili grisi ikapige ukuta. Hapo nilielewa pia jambo ambalo vernia isingenionyesha kamwe: kile tulichokihitaji hakikuwepo kwenye sampuli yoyote wala kwenye chuma chochote tulichoweza kupima. Kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na kilikaa humo miaka yote kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Barua ya pili tuliiandika pamoja, mimi nikiandika, yeye akisimama nyuma yangu akinuka dizeli. Nilisema kwanza bushi hizi zinafanya kazi gani: zinabeba shafti ya inchi tatu, inayozunguka polepole, chini ya mzigo mkubwa, mahali penye maji matamu na mchanga. Nikasema tunataka sita, zote sawa. Nikataja nyuso tatu tu zinazotaka uangalifu, na nafasi kiasi gani iachwe kati ya shaba na shafti ili grisi ipate pa kukaa. Kwingine kote, nusu milimita huku au kule haidhuru. Nikasema wazi kwamba hatutaleta sampuli, kwa sababu sampuli zetu zote ni mbovu. Nikaonya kwamba mchoro umetolewa fotokopi na umepungua ukubwa kidogo, hivyo wasiupime kwa rula bali wasome namba. Nikataja siku ambayo tunazihitaji, na namba ya simu ya shule. Na Fundi akaninong'oneza sentensi ya mwisho, nikaitafsiri jinsi ilivyokuwa: *Kama kuna kitu hakieleweki, tafadhali ulizeni kabla ya kukata.*

Dada wa kupiga chapa aliimaliza kwa dakika kumi. "Hii hata mimi ningeweza kuitengeneza," alisema.

Siku tatu baadaye katibu wa shule alikuja mlangoni mwa darasa na kuniambia kuna simu yangu, na kwamba anayepiga ana haraka. Nilikimbia kwenye korido nikiwa na chaki mkononi. Ilikuwa Kisumu, yule wa maneno mawili. Nyuma ya sauti yake mashine zilikuwa zikilia.

"Wewe ndiye hutaki kuleta sampuli?"

"Ndiye mimi. Sampuli ndizo zilizotuharibia."

Akacheka kwa pua. "Ni kweli. Mimi huletewa takataka kila siku, wanasema fanya kama hii, nafanya, halafu wanarudi kunitukana. Sasa sikiliza. Mfereji wako wa grisi umeuchora unatokeza hadi ukingoni. Ukiwa hivyo, grisi itakimbia nje yote."

Mtu alikuwa ameusoma mchoro! Ameusoma mpaka akaona kosa! "Uishie wapi?" nikauliza.

"Robo inchi kabla ya ukingo, kila upande."

"Uishie hapo. Nitakuandikia leo ili iwe kwenye maandishi."

"Na jambo la pili. Umesema ni kinu cha miwa, cha polepole na chenye mzigo. Nina shaba ngumu kuliko hiyo uliyoandika, imebaki kwenye kazi nyingine. Nitakupa hiyo kwa bei ileile. Usingeniambia ni ya nini, nisingejua."

Bei yake ilipofika kwa basi, senge aliisoma mara moja tu. "Hii ni ya watu," alisema, akaenda kuvaa viatu vya kutokea akatume pesa.

Bushi zilifika Jumamosi mchana, siku moja kabla ya Jumapili ya nne, ndani ya sanduku la mbao lililojaa nyuzi za mbao zilizoparwa. Sita. Zilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopigwa jua. Fundi hakuzigusa mpaka aliponawa kwa sabuni. Nilizipima zote mara mbili, nikitafuta kosa kama mtu anayetafuta fununu mbaya juu ya mchumba, na sikulipata. Ziliingia kwenye nyumba zao kwa kugongwa taratibu na gogo la mpera. Shafti iliingia ndani ya bushi kama mguu kwenye soksi. Niliweka mtaimbo chini yake, nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Haikusogea. Fundi alipiga grisi kwenye tundu, akangoja, na tukaiona ikichungulia upande wa pili, nyembamba na safi, imetoka ndani kweli.

"Habari ya safari?" Fundi akaiuliza.

Tukafunga ile gia ya mwisho. Giza lilikuwa linaingia. Niliomba tuwashe injini kesho asubuhi tujaribu, na senge akanikatalia kabisa.

"Jumapili ni Jumapili."

"Senge, kama kuna kosa tutaligundua Jumatatu mbele ya watu wote!"

"Basi tutaligundua mbele ya watu wote. Mimi siwezi kumwomba Mungu msaada huku nikivunja siku yake kumkagua."

Nilikuwa na hoja tano dhidi ya hilo na nikazitoa zote. Kesho yake nilikaa kanisani karibu naye, na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Baada ya ibada senge aliwaambia wakulima kwamba kinu kimepata bushi mpya. Shemeji alitikisa kichwa kwa huruma. "Shemeji, kila msimu kina bushi mpya."

Jumatatu alfajiri niliwasikia kabla sijawaona. Barabara ya kwenda darajani inapita mbele ya lango la senge, na mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa inakuja imesheheni miwa, magurudumu yakilia, watu wakiwahimiza ng'ombe. Wa kwanza kabisa alikuwa shemeji mwenyewe, na mkokoteni mkubwa kuliko yote. Hakutazama langoni. Alipita.

"Washa," senge akasema.

Fundi alizungusha mpini. Injini ilikohoa mara moja, mara mbili, ikashika. Ukanda ukakaza, gia ikauma, na rola zikaanza kuzunguka. Kwa miaka yote niliyokijua, kinu kile kilikuwa na sauti yake, ngo, ngo, ngo, iliyosikika hadi kwa majirani, na kila mmoja alidhani ndivyo kinu kinavyolia. Sasa hakikulia. Kilitoa mvumo mmoja wa chini, mzito, usiokatika. Nilimpa Fundi mafungu ya miwa tuliyokuwa nayo uani, akayaingiza. Miwa ilipita katikati ya rola ikatoka upande wa pili imekuwa makapi makavu, na maji yakatiririka kwenye mfereji wa bati kwa wingi ambao sikuwahi kuuona.

Huko barabarani mkokoteni wa pili ulikuwa umesimama. Mwenye ng'ombe aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Kimezima?" aliuliza.

"Njoo uone kama kimezima!" senge akamwitikia.

Aliingia. Alisimama mbele ya rola, kisha akafanya kile ambacho kila mkulima wa pale alijua kukifanya: alinyoosha kidole kuigusa nyumba ya bushi kwa haraka, tayari kuruka, maana zamani baada ya muda mfupi tu ilichoma kama jiko. Kidole kilibaki pale. Akaweka kiganja kizima. Akamgeukia Fundi, na Fundi akatazama dari, akijaribu kuwa na uso wa mtu asiyehusika.

"Ni baridi," mkulima akawapigia kelele wenzake. "Wallahi ni baridi!"

Mkokoteni wa tatu ukakata kona, kisha wa nne, kisha sikuhesabu tena. Uani hapakuwa na nafasi. Walipanga mstari kutoka kwenye kinu hadi langoni, na kutoka langoni kurudi barabarani kuelekea mjini. Mimi nilikuwa nasomba makapi kwa uma, nguo zangu za kufundishia zimeloa maji ya miwa mpaka kwenye magoti, na nilijua saa mbili nilipaswa kuwa darasani, na sikujali hata kidogo. Fundi alipita karibu nami akiwa na kopo la grisi.

"Profesa," akasema bila kusimama, "rola za chini nazo zina kitu nataka tukiandikie barua."

Shemeji alikuwa amekaribia daraja alipogundua kwamba nyuma yake hakuna mtu. Kugeuza ng'ombe wanne na mzigo ule kwenye barabara nyembamba si kazi ndogo, na aliporudi jua lilikuwa limepanda. Alifika langoni akataka kuingia moja kwa moja, kama alivyozoea.

Senge alitoka kumlaki, mikono imejaa utamu, leso imefungwa kiunoni.

"Mulembe, shemeji! Karibu sana. Foleni inaanzia kule," akasema, akaelekeza kidole barabarani, mbali, nyuma ya mkokoteni wa mwisho.

Shemeji alitazama kidole, akatazama mstari, akasikiliza ule mvumo kwa muda. Kisha akashika kamba ya ng'ombe wake wa mbele na kuanza kutembea kuelekea mwisho.